Mabingobingo Nje ya Dirisha la Mdogo Wangu

Watu wa mjini wanaamini kwamba majani huota yenyewe. Nimewasikia kwa masikio yangu, tena watu wenye digrii na vitambi, wamesimama kwenye kihamba cha baba yangu, shamba letu la ukoo, wakichezea funguo za magari. "Kondoo si wanakula majani tu? Na majani si yanaota yenyewe?" Mtu wa namna hiyo ataamini pia kwamba mtori hutoka bombani.

Huku kwetu Kibosho, mlimani, hakuna mahali pa kumwachia mnyama akajitafutia. Kila hatua ina mwenyewe. Mnyama anakaa bandani mwaka mzima na binadamu ndiye anayemtumikia. Unamkatia majani, unambebea kichwani, unayakatakata, unamwekea mbele ya pua, naye ananusa na kugeuza kichwa. Ng'ombe angalau atakulipa maziwa. Kondoo halipi kitu mpaka siku ya kisu. Wanasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na mimi nasema aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuishi na kondoo. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, nimekutana na vichwa vizito vya kila aina, lakini sijaona kiumbe anayeweza kusimama juu ya chakula chake, akakikojolea, kisha akalia njaa.

Mama yangu aliwafuga tangu aolewe. Wawili, watatu, hawakuzidi hapo. Sababu yake ilikuwa mafuta. Kwetu mwanamke akijifungua analishwa mtori, supu nzito ya ndizi, wenye mafuta ya kondoo, na kondoo huyo awe amenoneshwa nyumbani kwa ajili yake, si wa kukimbilia mnadani siku ya mwisho. Mwaka ninaousimulia, mjukuu wake mmoja, binti wa mdogo wangu wa kiume, alikuwa mjamzito huko Dar es Salaam. Ilipangwa ajifungulie huko, halafu Desemba, watu wote wanapopanda mlimani, aletwe nyumbani na mtoto wake. Mama akachagua dume moja bandani, akalishika sikio.

"Hili ni la mtoto," aliniambia. "Lisiguswe."

Magoti yake yalikuwa mabovu na macho yameanza kufifia. Huyo angekuwa kitukuu wake wa kwanza, na wote wawili tulijua kwamba huenda asingepata nafasi ya kumlisha mzazi mwingine. Kwa hiyo dume lile lilipaswa kunenepa, nitake nisitake.

Dume linanenepa kwa jani zuri, na jani zuri linataka jua. Kihamba chetu, kama vihamba vyote, kimefunikwa. Chini kahawa, juu ya kahawa migomba, juu ya migomba miti mikubwa. Pale chini ni giza na unyevu. Palikuwa na kipande kimoja tu cha jua, chini kidogo ya nyumba ya mama, kando ya mfongo unaotuletea maji kutoka juu. Hapo ndipo mama na marehemu baba walipopanda mabingobingo, majani marefu ya mifugo, na katikati ya mistari wakapanda desmodi, lile jani linalotambaa na kunata kwenye nguo. Walikuwa wakikata upande mmoja, upande wa pili unachipua, wakimaliza wanarudi mwanzo. Banda likifagiliwa, samadi inarudi kwenye mashina. Kipande kile kililisha kondoo wetu miaka yote, hakuna mtu aliyekisifia hata siku moja.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu kihamba cha nyumbani ni cha kitinda mimba. Mimi ni binti. Binti hana kihamba. Anaolewa akafie huko, na ndoa ikivunjika, kama ilivyovunjika ya kwangu, anarudi kulala chumba cha nyuma kwa mama yake. Hakuna aliyenisimanga. Ila nilijua wazi kwamba siku mama akifumba macho, nitakuwa nalala pale kwa hisani ya mdogo wangu, na hisani ya mtu anayekaa Dar nimeiona inavyochacha.

Basi bwana mkubwa akajenga. Akajenga wapi? Kwenye jua, ili madirisha ya sebule yatazame mlima. Nyumba ya nguzo nne mbele, vigae vyekundu na vyoo vingi kuliko watu, inayofunguliwa wiki mbili kwa mwaka. Mabingobingo yakang'olewa karibu yote. Kwenye eneo la mbele, ambalo lilibaki wazi na lingetosha kulisha kondoo kumi, akapanda nyasi za mapambo, zile fupi za hotelini, akaweka na mashine ya kuzinyunyizia. Nimepata kuona mengi ya kipuuzi katika maisha yangu, lakini sijapata kuona mwana wa mkulima akimwagilia majani ambayo hayaliwi.

"Amejenga kwao," ndilo pekee alilosema mama. Akabaki na vijistari vichache vya mabingobingo pembezoni mwa zile nyasi, ambavyo fundi wa bustani hakuvifikia, na kila asubuhi alikwenda na mundu wake kuvikata.

Kisha yakaja masale.

Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu, kila Mchaga anaujua kabla hajajua kusoma. Una kazi mbili kubwa. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na ombi hilo halikataliwi. Na masale yakipandwa mstari, ni mpaka. Yanasema, changu kinaishia hapa, chako kinaanzia pale. Mpaka wa masale hupandwa mbele ya majirani, na haung'olewi. Kuna watu huku wameuza ng'ombe, wameuza kahawa ikiwa bado mtini, wameuza hata sauti zao kwenye uchaguzi, lakini hakuna anayethubutu kung'oa masale ya mpaka.

Mdogo wangu anayajua hayo. Amezaliwa humu. Lakini kukaa sana mjini kumemfanya ajivunie uchaga wake kama fulana, anauvaa Desemba na kuuvua Januari. Akamwagiza fundi wa bustani, kijana wa mjini Moshi ambaye kwao ni mbali na huku, apande masale kwenye ukingo wa zile nyasi. Fundi akafanya alichoambiwa, tena kwa kamba, mstari ukanyooka kutoka mfongoni hadi njiani, katikati kabisa ya nyumba ya mama na nyumba ya mwanawe.

Asubuhi iliyofuata mama alitoka na mundu wake. Alifika kwenye mstari akasimama. Nilikuwa nakunywa chai mlangoni, nikamwona akitazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akageuka na kurudi taratibu.

"Ameshagawa," aliniambia. "Na mimi bado napumua."

Tangu siku hiyo hakuvuka. Nilimwambia ni urembo tu, mwanao hana akili hiyo ya kugawa, mwanao hana akili yoyote. Akaniambia masale hayana urembo. Nikampigia simu mwenye nyumba.

"Mama anasema umempigia mpaka," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Jamani dada! Hiyo ni kalcha yetu. Nimeweka kitu cha asili, wageni wangu wakija waone tulikotoka."

"Wewe umetoka tumboni kwa huyo mama. Njoo umwambie mwenyewe."

"Nitakuja Desemba. Mwambie avuke tu, kwani kuna mtu amemzuia? Na hilo dume aache kuhangaika nalo. Tutanunua Bomang'ombe, kondoo wamejaa."

Nilikata simu. Mtu akikwambia kondoo wamejaa mnadani wakati mama yake amelishika moja sikio, huna tena la kumweleza.

Ikabidi mimi, nisiyewapenda kondoo, nigeuke kuwa mtumishi wao. Tulikata mbegu za mabingobingo, vipande vya mashina, kwa jirani, mama akanionyesha kwa kidole namna ya kuzilaza ardhini, pingili mbili chini na moja juu, na samadi ya kutosha. Tulizipanda chini ya migomba. Ziliota, ndiyo. Zilikuwa nyembamba na za njano, zikipanda juu kutafuta jua ambalo halikuwepo. Tukapanda desmodi kwenye kahawa, ikatambaa vizuri mpaka ikaanza kunyonga miche. Tukapanda lukina, mti wa majani ya mifugo, kwenye ua, tukasubiri, na lukina haina haraka na mtu. Nilirudi kutoka shuleni kila jioni na kuingia kwenye matope nikiwa bado na chaki kwenye vidole. Dume lilinipokea kwa kulalamika. Nililiwekea jani changa lenye umande, mama akaninyang'anya, akalianika kivulini kwanza ili lisilivimbishe tumbo. Nililitazama lile jitu la manyoya nikafikiri, livimbe tu, tupumzike sote.

Kiangazi kikaja, hata hayo ya njano yakaisha. Nilipokuwa kazini, mama akashuka peke yake korongoni kutafuta majani, mahali ambapo hata mimi nashuka kwa kushikilia mizizi. Niliporudi na kumtafuta nilimkuta ameketi kwenye jiwe kando ya maji, mguu umevimba, mundu mkononi, na kifurushi kidogo cha majani kimefungwa vizuri pembeni yake. Kutoka pale aliweza kuona zile nyasi za mapambo juu yetu. Mashine ilikuwa ikizinyunyizia.

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na jambo hilo liliniumiza kuliko njia. Njiani nilimtukana mdogo wangu kwa Kiswahili na kwa Kichaga, na mama aliniacha niendelee, ingawa mara nyingi huninyamazisha.

Mdogo wangu aliposikia akatuma marobota ya majani makavu kwa gari kutoka tambarare. Dereva akayashusha, akapiga picha kumwonyesha bosi wake, akaondoka. Tulipoyafungua yalikuwa na ukungu ndani. Hata kondoo, mnyama anayekula gazeti, aliyakataa. Tukayatandika bandani. Ndivyo anavyomsaidia mama yake, kwa gari na kwa picha.

Tulilivusha dume lile kwa magomba yaliyokatwakatwa, kwa maganda ya ndizi, kwa mabua niliyoomba kwa wazazi wa wanafunzi, kwa lukina yangu ambayo hatimaye ilikumbuka kuota. Sikuamini, lakini mvua za vuli zilipofika lilikuwa na mgongo mpana. Mama alilipapasa kila siku kiunoni kama mtu anayepima shanga za mwanamwali, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Desemba wakafika. Magari matatu, muziki, makreti ya soda, na mdogo wangu ndani ya kofia yenye maandishi ya kujisifia Kilimanjaro. Binti yake alishuka na mtoto kwenye khanga, akapitishwa moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya vigae, maana mzazi hakai nje. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake na fimbo, amevaa gauni lake la kanisani. Mdogo wangu akaja kumwamkia.

"Shikamoo mama. Twende ukamwone mtoto."

"Marahaba. Nitamwona akija kwetu."

"Mama, mzazi atatokaje nje na kichanga? Twende, ni hapo tu."

"Hapo ni kwako," mama alisema. "Hapa ni kwangu. Wewe ndiye uliyepima."

Akacheka tena kile kicheko chake cha simu. Aliniomba niongee na mama. Nikamwambia ulimi anao mwenyewe. Akaondoka akisema wazee wana mambo, tutayamaliza kwenye sherehe.

Sherehe ilikuwa kesho yake baada ya misa. Turubai zilifungwa juu ya zile nyasi, viti vikavalishwa vitambaa, pombe ya mbege ikaletwa, ndafu mbili, mbuzi waliobanikwa wazima, zikasimama mezani na majani mdomoni. Majirani wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa mzee wa kihamba cha juu yetu, mtu mmbea asiyekosa pilau ya mtu. Alifika kwenye masale, akasimama. Nyuma yake akasimama mkewe. Akaja mwingine naye akasimama. Baada ya muda mfupi palikuwa na umati umejipanga kando ya mstari, watu wazima na mavazi yao ya kanisani, wananusa ndafu na hawavuki.

Mdogo wangu akatoka mbio na mikono wazi. "Karibuni, karibuni, mbona mmesimama?"

"Mpaka huu mmeuweka lini, mbe?" mzee akauliza. "Hatukuitwa. Hatukuonyeshwa. Na mama yako tunamwona kule ng'ambo, ameketi. Sasa sisi tukale kwa nani?"

Nilimtazama mdogo wangu usoni. Wageni wake wa Dar walikuwa wamegeuka kwenye viti vyao, na mmoja alimuuliza kwa sauti hayo maua yana nini. Kwa mara ya kwanza tangu ajenge, aliutazama ule mstari aliouagiza. Aliutazama wote, kutoka mfongoni hadi njiani, na mwishowe akamwona mama. Kofia akaivua.

Alikata jani moja kutoka kwenye masale yake mwenyewe. Akalifunga fundo, vibaya, vidole vimesahau, akalifungua akalifunga tena. Akatembea hadi kwa mama, akiwa na suruali yake nyeupe, akapiga magoti kwenye matope ya banda.

"Mama, nimekosa. Sikujua ninachokifanya."

"Ulijua," mama alisema. "Ulisahau." Alinyoosha mkono akapokea jani. "Aika, asante. Yameisha."

Majirani wakashusha pumzi na kuanza kusogea kuelekea ndafu, maana hao nao huruma yao iko tumboni. Mdogo wangu akainuka akifuta magoti. "Sasa nitaita vijana wayang'oe yote, leo hii hii."

"Masale hayang'olewi," mama akasema, na kila mtu akasimama tena. "Umeshaupanda mpaka, tunaumaliza. Nileteeni jembe."

Akavuka. Kwa fimbo na bega langu, mama alivuka ule mstari, akapita katikati ya viti vyenye vitambaa, akaenda hadi barazani kwa mwanawe. Hatua chache kutoka kwenye ukuta akachora na fimbo kwenye nyasi za mapambo, akaizungushia nyumba yote mstari, kutoka mfongoni tena hadi njiani.

"Panda hapa," alimwambia mdogo wangu. "Wewe mwenyewe, si fundi. Majirani mnaona?"

"Tunaona, mama," wakajibu.

"Nyumba hii na kilichobaki cha kihamba ni chake, kama baba yake alivyotaka. Hapa kwenye jua, kutoka masale haya hadi yale, ni pa dada yake. Nikiondoka asiguswe."

Nimejisifu maisha yangu yote kwamba hakuna anayeweza kunishangaza. Siku ile mama alinishangaza. Nilikuwa nimefikiri anapigania majani ya kondoo. Nililia mbele ya watu wote wa kitongoji, mimi ambaye hata talaka sikuililia, na sikuona haya. Mdogo wangu alilima akipanda masale, jasho likimtiririka, na hakuweza kukataa, kwa sababu jani la msamaha lilikuwa bado mkononi mwa mama.

Dume lilichinjwa jioni hiyo upande wetu. Mama mwenyewe aliukoroga mtori, akaubeba kwenye bakuli hadi chumbani kwa mjukuu wake, akakaa akimtazama anavyokula mpaka bakuli likawa tupu. Kisha akapewa mtoto. Alimshika muda mrefu.

Mvua za masika zilipoanza tuling'oa nyasi za hotelini na kupanda mabingobingo. Mama alikaa kwenye kiti akinikosoa kila pingili. Aliyaona yakifika kiunoni. Mavuno ya kwanza aliyakata yeye, shina moja, kwa heshima, na kabla kiangazi hakijafika tulimzika kihambani, kando ya baba.

Siku tatu za matanga nilisikia minong'ono jikoni. Sasa dada atakwenda wapi. Wifi mmoja alinishauri nitafute chumba Bomang'ombe, karibu na barabara, kuna usafiri. Watu walipoanza kutawanyika nilikuwa nimeketi mlangoni kwa mama, kwenye kiti chake. Mabingobingo yalikuwa yamepita urefu wa mtu, yameziba madirisha ya sebule ya mdogo wangu, mlima hauonekani kabisa. Bandani kondoo wawili waliobaki walikuwa wanalia, wajinga wale, hawajui msiba.

Mdogo wangu alitoka barazani kwake, suti ya msiba mwilini. Nilifikiri amekuja kudai mandhari yake. Alifika kwenye masale aliyoyapanda kwa mikono yake akasimama, hakuna mtu anayemwona ila mimi.

"Hodi, dada," alisema. "Kondoo wana njaa. Naomba nivuke nikawakatie."

Nilimwacha asubiri kidogo. Kisha nikasema karibu, nikampa mundu wa mama. Alikata vibaya sana, juu mno, akaacha vijiti. Nilimwacha akate.